Mbona aiōnios haibadiliki kwa nomino ya kike?

SWALI: Mhariri, najifunza Kigiriki cha kale ili nisome Agano Jipya. Mathayo 25:46 ina zōēn aiōnion, "uzima wa milele". Zōē ni nomino ya kike, lakini kivumishi aiōnios ("-a milele") hapo kina mwisho wa kiume. Kamusi niliyonayo, iliyobaki huku tangu enzi za Wagiriki wa mashamba ya mkonge, inaandika aiōnia kwa kike. Je, ni kosa la uchapaji? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Si kosa. Kamusi yako bila shaka ni ya Kigiriki cha sasa, chenye maumbo matatu: aiōnios, aiōnia, aiōnio. Kigiriki cha kale kwa kawaida kina mawili tu: aiōnios kwa kiume na kike pamoja, aiōnion kwa jinsi ya tatu (isiyo ya kiume wala ya kike). Katika Kiswahili pia -zuri hufuata ngeli, ila hodari na safi havigeuki. Mwanafalsafa Plato naye, katika kitabu chake Timaios 37d, aliandika aiōnion eikona, na eikōn ni ya kike.

Kwa hiyo jinsi ya nomino itafute kwenye kibainishi chake, yaani neno dogo linaloitangulia (hē katika hē zōē), si kwenye mwisho wa kivumishi. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopotea.

Umbo la kike lipo, ila ni nadra: aiōnian katika 2 Wathesalonike 2:16 na Waebrania 9:12. Aiōnia ya 2 Wakorintho 4:18 usiihesabu humo. Hiyo ni wingi wa jinsi ya tatu, "mambo ya milele".

Kivumishi hiki hubadilika pia kufuata kazi ya nomino katika sentensi. Umoja wa kiume na kike ni aiōnios (kiima), aiōniou (umiliki), aiōniō (mpokeaji), aiōnion (yambwa). Wingi ni aiōnioi, aiōniōn, aiōniois, aiōnious. Angalia sana aiōnion na aiōniōn. La kwanza silabi yake ya mwisho ina omikroni (o fupi), na alama ya mkazo iko juu ya omega (ō ndefu) ya katikati. La pili silabi yake ya mwisho ina omega. Silabi hiyo ndefu huuvuta mkazo hadi kwenye iota (i). Ukikuta aiōnōn, bila iota, hilo si kivumishi tena: ni umiliki wa wingi wa nomino aiōn, "enzi".

Maana nayo inatoka kwenye aiōn hiyohiyo: muda wa uhai, enzi, kisha umilele. Ndiyo maana katika Warumi 16:25 chronois aiōniois ni nyakati za kale sana zilizokwisha pita. Kabla ya kuandika "milele", tazama kwanza kivumishi kinaeleza nomino gani.