Muulize Tabibu: Saa ya sukari, oksimita ya mlimani na majibu ya damu yaliyosomwa na AI

Mwezi huu karibu meseji zenu zote ni za mashine. Nimechukua tano, zingine zitasubiri, na nyie mnaoniuliza dawa za nguvu za kiume kila mwezi nimewaona ila leo hapana.

Shikamoo dokta. Mama yangu ana sukari miaka mingi na anachoma insulini asubuhi na jioni. Kaka kamletea saa janja inayosoma presha, mapigo, oksijeni na sukari bila kutoboa kidole. Mama kaipenda mno, stripi za kupimia damu ya kidole hanunui tena, na saa ikisoma 5 anaruka sindano ya jioni. Nikiongea kaka anasema nina wivu. – Binti wa Sakina, Arusha

Marahaba mwanangu. Mwambie kaka yako nimesema hivi, saa abaki nayo mama aangalie muda na hatua za kutembea, ila kwenye sukari isitumike kabisa, na leo hii mrudi kwenye kutoboa kidole. Mwezi wa pili mwaka 2024 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, ilitoa onyo kwamba haijawahi kuruhusu saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Na hawakutaja kampuni moja, walisema yoyote ile. Makampuni makubwa ya simu yenye hela za kumwaga yamehangaika na hiyo kitu miaka na miaka, sasa ya laki kasoro uliyoletewa kwenye boksi lisilo na jina la kiwanda imewezaje?

Ukiigeuza hiyo saa nyuma utaona kataa ka kijani kanawakawaka. Kale kanaangalia damu inavyopita chini ya ngozi kila moyo ukidunda, kwa hiyo kwenye mapigo inajitahidi, japo kuna watu waliifunga saa ya namna hiyo kwenye rola ya tishu za chooni na ikatoa mapigo, tishu ina moyo! Sukari yenyewe haionekani kwa kale kataa. Namba unayoiona inakisiwa tu, na ukimvalisha mtu asiyeumwa utaona nayo inacheza kwenye 5 na 6 siku nzima, ndo maana watu wanaiamini.

Hatari iko pande zote mbili. Saa ikisema 5 wakati sukari ni 17, mama anaruka sindano na sukari inapanda usiku kucha. Ikisema 14 wakati ni 4, akaongeza uniti, hapo ndo utamkuta analowa jasho, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki, na mkichelewa anazimia. Mkiwa na mashine ya kidole na ikasoma chini ya 4 mpeni vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida (siyo ile isiyo na sukari jamani), subirini dakika 15 mpime tena. Akiwa hawezi kumeza msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali.

Utasikia wengine wakisema mbona fulani ana kifaa cha mkononi kinasoma kwenye simu. Hicho ni kingine. Kina sensa yenye kiuzi kidogo kinachoingia chini ya ngozi, kama FreeStyle Libre, kinakaa mkononi wiki mbili afu unabadilisha, na simu au saa inaonyesha tu kile sensa imesoma. Kinafanya kazi vizuri ila bei yake kwa wengi wetu bado ni ya kulia. Kwa mama tafuteni mashine ya kawaida ambayo stripi zake zinapatikana famasi za hapo karibu, hilo ni muhimu kuliko jina la mashine, kopo la stripi lifungwe kila mara, tarehe ya kuisha iangaliwe, na anawe mikono kabla, maana ukitoka kumenya embe ukapima kidole hichohicho utapata namba ya kutisha ambayo ni ya embe. Na kila baada ya miezi mitatu hivi muombe kipimo cha HbA1c, kinaonyesha sukari ilivyokaa miezi miwili mitatu nyuma.

Dokta mambo. Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni, napandisha mlima Kilimanjaro njia ya Machame. Safari iliyopita pale Barafu kiongozi alipima wageni na sisi tukapimwa kwa ile klipu ya kidole. Mgumu mwenzangu alisoma 84 kiongozi akasema yuko fresh, ila jamaa kichwa kilikuwa kinamuuma na alitapika mara mbili, na tulivyoanza kushuka alikuwa anayumba kama kalewa. Ile klipu inasema ukweli? – Mgumu, Pasua, Moshi

Poa kaka, na pole na kazi. Swali lako ni zuri kuliko yote ya mwezi huu kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Klipu, yaani oksimita inayopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, inapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, afu inalinganisha ni kiasi gani umenyonywa na damu. Moshi mjini mtu mzima mwenye afya anasoma 95 kwenda juu. Barafu ni karibu mita 4,670, hewa nyepesi, kwa hiyo mtu mzima kabisa asiye na tatizo anaweza kusoma 80 na kitu na akapiga stori, na mwingine akasoma hivyohivyo na mlima umeshamkamata. Namba peke yake pale juu haikutenganishii hawa wawili. Hata ile orodha ya kupima ugonjwa wa mlima ambayo madaktari wa milima wanaitumia dunia nzima, waliyoirekebisha 2018, inauliza kichwa, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu, oksijeni ya kidole haimo kabisa.

Afu ongeza baridi. Kidole kikiwa cha barafu damu haifiki vizuri na klipu inabahatisha, ipashwe mikono kwanza, mtu atulie, usichukue namba ya kwanza inayotokea, subiri itulie. Rangi ya kucha na hina nazo zinaweza kusumbua.

Na kuna hili ambalo wagumu wengi hamjaambiwa. Desemba 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Michigan huko Marekani walitoa kwenye jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya kulinganisha klipu na damu iliyochukuliwa kwenye mshipa wa ateri. Kwa wagonjwa ambao klipu ilisoma kati ya 92 na 96, yaani unasema huyu mzima, damu ilionyesha oksijeni iko chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi na asilimia 3.6 ya weupe. Zaidi kidogo ya mara tatu. Rangi ya ngozi inanyonya sehemu ya mwanga na vifaa vingi vilirekebishwa kwa kupimia watu weupe zaidi, kwa hiyo kwetu vina tabia ya kusoma juu kidogo. Sasa fikiria mlimani, mgeni wa Ulaya na mgumu wa Pasua wote wamesoma 84, na kiongozi anawachukulia sawa, tena mgumu ndo kabeba kilo 20 na kalala kwenye hema la watu wengi.

Kwa hiyo rafiki yako kuyumba vile kulikuwa na uzito kuliko ile 84. Mtu akiumwa kichwa na kutapika hapandi zaidi, hilo halina mjadala. Akiyumba, mwambie atembee mstari ulionyooka kisigino kwa kidole, akishindwa au akianza kuongea mambo ya ajabu, ubongo unavimba, anashuka saa hiyohiyo hata kama ni usiku, na hashuki peke yake. Akihema kama kakimbia wakati amekaa, akikohoa, na hasa makohozi yakiwa na povu la pinki, ni maji kwenye mapafu, naye anashuka. Mtungi wa oksijeni na Diamox, kile kidonge cha ugonjwa wa mlima, vinasaidia wakati mnashuka, visiwe ruhusa ya kuendelea kupanda. Najua mgumu akisema anaumwa anaogopa kupoteza safari inayofuata, na makampuni yanalijua hilo vizuri sana, lakini kiongozi ambaye anamuuliza mgeni "umelalaje" halafu mgumu anamuuliza tu "mzigo uko wapi" hajui kazi yake, hata awe amefika kileleni Uhuru mara ngapi. Na huyo mwenzako kama bado kichwa kinamsumbua aende akaonwe, asisubiri safari nyingine.

Habari dokta, nilipima FBP (kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu) nikaipiga picha nikaiweka kwenye AI ikaniambia neutrofili, zile chembe nyeupe za kinga, ziko chini, inaweza kuwa maambukizi, dawa au hata saratani ya damu. Ni 1.4 na karatasi imeweka alama ya mshale chini. Sijalala siku nzima. Siumwi, nilipima tu kwa ajili ya kazi. – Mwanafunzi, Njiro

Lala mdogo wangu. Mshale unatokea kwa sababu mashine imeambiwa kawaida inaanzia mahali fulani, mara nyingi 2.0 hivi, na hizo kawaida nyingi zilipatikana kwa kupima Wazungu. Waafrika wengi tuna hali ya kurithi kwenye chembe nyekundu inayoitwa Duffy-null, ambayo inatukinga na aina ya malaria inayoitwa vivax, na wenye nayo neutrofili zao kwenye damu zinaonekana chache ingawa kinga yao iko sawa kabisa. 1.4 kwa mtu mzima asiyeumwa, asiye na homa za mara kwa mara, vidonda vya mdomo wala kupungua uzito, chembe zingine zote zikiwa sawa, mara nyingi ndo hivyo tu. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa na daktari aisome pamoja na zile za zamani kama unazo. Ukipata homa kali usikae nayo nyumbani.

AI haikudanganya, ilikutajia orodha, ila haikujua wewe ni nani na haikuuliza. Ukitaka kuitumia iulize ikusaidie kuandaa maswali ya kwenda kumuuliza daktari, hapo ni nzuri kweli. Na kabla ya kuweka picha ficha jina na namba ya faili, umeweka karatasi nzima eti!

Dokta mashine yangu ya presha ya kifundo cha mkono inasoma 158, kliniki wanasoma 138, niamini ipi? – Mzee wa Majengo, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Amini ya kliniki kwa sasa, na hiyo ya kifundo mpe mjukuu achezee. Ukishusha mkono chini ya usawa wa moyo inasoma juu, na wengi wanapimia mkono ukiwa mapajani. Nunua ya mkono wa juu, kitambaa chake kikutoshe, kikibana sana inasoma juu pia. Kaa dakika 5 mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, umeshaenda haja ndogo, na kahawa ile chungu ya kijiweni iwe imepita nusu saa. Pima mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, kwa wiki moja, uandike zote hata zile usizozipenda. Nyumbani tunaanza kuhangaika wastani ukifika 135 kwa 85. Dawa usiache wala usiongeze mpaka hiyo karatasi ameiona daktari wako.

Naomba kuuliza, mke wangu ana miezi minane, tuko mbali na barabara, nimesikia kuna gari la bure la wajawazito, ni kweli au siasa? – Baba mtarajiwa, nje ya Ngaramtoni

Ni kweli, ni mfumo unaoitwa m-mama, unapiga 115 bure kwa mtandao wowote, kama ni dharura ya mjamzito, aliyejifungua au kichanga. Anayepokea anakuuliza dalili na mahali ulipo, afu anatafuta gari la wagonjwa, likikosekana anampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa huko mitaani kwenu ambaye analipwa kwa simu na mfumo wenyewe, wewe hutoi nauli. Kinachochelewesha sana ni watu kushindwa kueleza walipo, kwa hiyo kaeni na mkeo na jirani mmoja mkubaliane mtasema nini, jina la kitongoji, kanisa au shule iliyo karibu, na gari linapofikia mwisho. Ongea na kituo chenu cha afya kabla mwezi haujaisha uwaulize dereva wa upande wenu ni nani. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, degedege, au mtoto kaacha kucheza, usisubiri uchungu, piga.