Ukilinganisha matundu na mkato kwenye ovari, linganisha njia peke yake

Kazi yangu ni upasuaji wa wanyama wa utafiti, na watafiti wachanga hawaachi kuniuliza: ovari tuifikie kwa matundu madogo au tufungue tumbo? Mimi huwauliza kwanza, mnyama gani?

Kwa kondoo na mbuzi sina shaka, laparoskopi, yaani kuingiza kamera na vifaa kwa matundu madogo, ni bora. Mayai huvunwa kwa sindano huku ukiiona ovari kwenye skrini, na mnyama yuleyule anaweza kurudiwa baadaye. Tumbo likifunguliwa mara kwa mara tishu hushikana, ovari ikanata kwenye mrija wake, na hapo mavuno yameharibika. Kwa panya hali ni nyingine kabisa. Ovari yake imejificha ndani ya kipande cha mafuta karibu na figo. Unakata kidogo ubavuni, unashika mafuta hayo kwa kibano bila kuigusa ovari yenyewe, unaivuta nje, unamaliza, unairudisha. Mkato ni mdogo mno hata kamera haina cha kupunguza.

Ukishaamua kulinganisha, nakusihi jambo moja: tofauti iwe njia ya kuingilia tu. Naona mipango mingi ambamo ovari huchomwa kwa umeme ili kuzuia damu kwenye kundi la matundu, na kufungwa kwa uzi kwenye kundi la mkato. Vifuko vichanga vya mayai vimekaa kwenye tabaka la nje la ovari, kwa hiyo joto huvifikia upesi. Homoni zikishuka, utalaumu matundu au moto? Hutajua, na wanyama wale wameumia bure.

Usishawishike pia kufanya ovari ya kushoto kwa njia moja na ya kulia kwa nyingine ili upunguze idadi ya wanyama. Nia ni njema, lakini tumbo ni moja. Kaboni dioksidi uliyoijaza tumboni ili kamera ipate nafasi inagusa utando wote wa tumbo, na maumivu hayana upande unaoweza kuutenga. Hewa hiyo ni sehemu ya laparoskopi, ikubali, ila andika shinikizo lake kwa kila mnyama, maana ikizidi husukuma kiwambo kinachotenga tumbo na kifua na kubana pumzi.

Nusukaputi na dawa za maumivu ziwe zilezile. Mpasuaji awe amezoea njia zote mbili. Kama bado, afanye mazoezi kwanza kwenye sanduku la kujifunzia, la sivyo utakuwa unapima ugeni wa mikono yake.

Anayepima maumivu na mshikamano wa tishu asijue mnyama yupi ni wa kundi lipi. Kwa kondoo mimi hufunga bandeji pana ileile kwa wote, iwe chini yake kuna matundu au mkato, na siifungui mpaka alama za siku hiyo ziwe zimeshaandikwa.