Mbuzi weupe kuzaa mweusi

Kaka wa Urambo uliyeuliza kwa nini mbuzi wako wawili weupe wamezaa mweusi, ukimshuku beberu wa jirani, usigombane naye kwanza. Weupe wawili kuzaa mweusi inawezekana kabisa, hata kama beberu wake hajaruka uzio. Kila mbuzi ana jeni (chembe za urithi) mbili za rangi, moja ya baba na moja ya mama, na kwa kawaida nyeupe huifunika nyeusi. Wako wote wawili wanaweza kuwa wamebeba nyeusi kimyakimya. Ikiwa hivyo, nafasi ya nyeusi mbili kukutana na kuzaliwa mweusi ni moja kati ya nne kwa kila mtoto. Jike wangu hapa Sikonge alizaa pacha, mmoja mweupe pee, mwingine mweusi tii mpaka kwato, na beberu zizini mmoja tu, mweupe. Ila kama jike wako alilala nje siku zake za kutaka dume, hapo simtetei beberu wa jirani.