Kuonyesha mashine kabla ya kuomba hataza

Unauliza kama yule mvumbuzi amechelewa kuomba hataza (haki ya kisheria ya kuzuia wengine kuunda au kuuza uvumbuzi wake) kwa sababu ameshauonyesha hadharani. Hajachelewa, ndugu. Kuionyesha mashine yake ya kusaga gugumaji kwenye maonyesho ya Mamboleo, Kisumu, hakujamnyima hataza: kifungu cha 23 cha Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 hakihesabu kile mvumbuzi mwenyewe alichokitoa hadharani ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili hataza. Lakini aharakishe, tafadhali! Nafuu hiyo ni ya Kenya. Ulaya haipo kwa maonyesho ya kawaida, kwa hivyo hataza ya huko huenda imeshampotea. Na huyo fundi wa Kakamega anayetaka kuiunda kwa mrabaha, yaani kumlipa mvumbuzi kwa kutumia uvumbuzi wake, wasiishie kupeana mikono tu. Mkataba wa leseni uandikwe, usajiliwe KIPI.