Kabla hujaitupa hiyo probu, angalia swichi

Ndugu yangu, unasema umenunua probu ya mtumba (waya wa kupimia wa oskiloskopu, ile mashine inayoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini) pale Luthuli Avenue, Nairobi, umeiunganisha kwenye kituo cha majaribio cha oskiloskopu, ukazungusha skrubu ya kurekebisha probu pande zote, na wimbi la mraba bado lina pembe za mviringo. Tazama kwanza swichi iliyo kwenye mshikio. Ikiwa kwenye 1X (volti hupita bila kugawanywa), utazungusha hadi kesho bila kuona badiliko. Skrubu hiyo hufanya kazi kwenye 10X (volti hugawanywa kwa kumi).

Ndani ya probu ya 10X mna rezista ya megaohmu 9, na oskiloskopu ina yake ya megaohmu 1, ndiyo maana volti hugawanywa kwa kumi. Kapasita (vihifadhi chaji) za probu na za oskiloskopu nazo lazima zigawe kwa uwiano uleule. Pembe za mviringo maana yake fidia, yaani huo ulinganishaji wa kapasita kwa skrubu, haijatosha. Zikichomoza juu kama pembe za mbuzi, imezidi.

Kama tayari uko 10X, soma pikofaradi (kipimo cha kapasitansi, uwezo wa kuhifadhi chaji) zilizoandikwa karibu na tundu la chaneli, ulinganishe na zile za probu. Probu ya 10 hadi 25 kwenye mashine ya 30 huenda isinyooke kamwe. Hapo irudishe kwa muuzaji, usihangaike.

Na tafadhali, tumia bisibisi ya plastiki! Ya chuma huongeza kapasitansi yake: wimbi linanyooka ukiwa umeishika, ukiiondoa linapinda tena. Mimi ilinipotezea jioni nzima.

Ukihamia chaneli nyingine, rekebisha upya.