Mkopo nafuu: anayekopesha anataka nini?

Mwalimu, pokea salamu kutoka Ahero. Mimi nauza mchele kwa gorogoro kando ya barabara ya Kisumu. Juzi redioni nilisikia serikali imepata "mkopo wa masharti nafuu" kutoka nje. Kwenye chama chetu cha kukopeshana, mtu akikukopesha kwa riba ya chini kuliko wenzake, ujue kuna kitu anataka. Je, hawa Wajapani, Wachina na Wafaransa wanataka nini kwetu? Na kama mikopo ni nafuu, mbona kila bei ikipanda tunaambiwa ni sababu ya madeni?
– Muuza mchele, Ahero

Dada yangu wa Ahero, mwaka binti yangu alipoingia kidato cha kwanza, shemeji yangu alinikopesha karo yote. Hakutaka riba, na alisema nianze kulipa binti akishamaliza kidato cha nne. Lakini sare tulinunua kwenye duka alilotuelekeza yeye. Tena ukoo ulipokaa kuchagua mwenyekiti wa kamati ya ardhi naye akasimama, mimi niliyekuwa na mtu wangu mwingine nilinyamaza. Hakunidhulumu hata kidogo, na binti alisoma akamaliza. Ila nililipa, na malipo yale hayakuandikwa popote.

Basi serikali nazo hukopeshana hivyo hivyo. Mkopo huitwa nafuu kwa sababu riba yake iko chini ya ile ya soko, muda wa kulipa ni mrefu, na miaka ya mwanzo hulipi mtaji, yaani zile pesa zenyewe ulizokopa. Shirika la Fedha la Kimataifa lina kipimo chake: likipiga hesabu ya thamani ya pesa kadiri miaka inavyopita, angalau asilimia 35 ya mkopo iwe ni sawa na zawadi. Sasa nani atoe zawadi bure? Anayekopesha hutafutia kampuni zake kazi, huuza mitambo yake, hupata rafiki wa kumpigia kura Umoja wa Mataifa, na jina lake hubaki mahali.

Jina hilo si jambo dogo. Hapa Kisumu hospitali kubwa ya rufaa ilibadilishwa jina, ikaitwa la Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, lakini ukipanda boda ukasema "nipeleke Russia", hakuna atakayekuuliza ni wapi. Wasovieti waliijenga kama zawadi, ikafunguliwa Oktoba 1969, na dola lenyewe lililoitoa lilishavunjika zamani. Jina bado tunalo midomoni.

Tazama SGR, ile reli mpya ya kisasa. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kutoka Benki ya Exim ya China kwa ajili ya kipande cha Mombasa hadi Nairobi, na mikopo ilikuwa miwili. Mmoja, wa dola bilioni 1.6, ulikuwa nafuu kweli: riba ya asilimia 2, miaka 20, na miaka saba ya mwanzo bila kulipa mtaji. Wa pili, wa dola bilioni 1.63, ulikuwa wa kibiashara: miaka 15, na riba inayopanda na kushuka na soko la London, ikiongezewa asilimia 3.6. Majukwaani tulisikia sana habari za ule wa kwanza. Mikataba yenyewe haikuwekwa hadharani hadi Novemba 2022, na ndipo wengi wetu tukasoma kwamba vifaa vilitakiwa kununuliwa China kwanza, na ugomvi ukitokea uamuliwe Beijing. Hilo ndilo duka la shemeji, dada yangu. Japani nayo ina mikopo ya aina hiyo, yenye riba ndogo mno, kwa sharti kwamba angalau asilimia 30 ya bidhaa na huduma zitoke kwa Wajapani. Sioni dhambi katika kuweka sharti. Kosa ni kuwaficha wanaolipa.

Halafu kuna jambo ambalo redio huliruka kila mara, nalo ni sarafu. Wewe unauza mchele kwa shilingi, serikali inakutoza ushuru kwa shilingi, lakini deni ni la dola. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 87. Januari 2024 ilifika 160 hivi. Deni lilelile, hata tusipoongeza senti, lilikaribia kuwa maradufu tukilihesabu kwa shilingi. Baadaye mwaka huo dola ilirudi karibu na 130, na mwaka 2025 Hazina ikageuza deni la SGR kutoka dola kuwa yuan, sarafu ya China, ikisema itaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka. Ikiwa ndivyo, basi tulikuwa tumebeba mzigo mzito kuliko ilivyolazimu kwa miaka mingi.

Kuhusu bei kupanda, madeni hulipwa kwa ushuru, na ushuru huingia kwenye bei; ila usiitupie lawama mikopo nafuu peke yake. Inayokaba koo zaidi ni ile ya soko. Februari 2024 Kenya iliuza Yurobondi, yaani hatifungani ya kukopa kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili ipate kulipa ile ya 2014 iliyokuwa inaiva Juni. Na jua pia kwamba mwaka huo wa 2014 hesabu za uchumi zilifanywa upya, tukapandishwa kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Ilikuwa sifa, lakini kadiri unavyoonekana una uwezo ndivyo Benki ya Dunia inavyokupunguzia unafuu.

Mimi binafsi, nikiambiwa nichague, nitachagua mkopo wa serikali ya kigeni yenye balozi hapa nchini kuliko wa watu wa hatifungani nisiowajua. Nilijifunza hilo Nyakach. Nilikuwa nikifundisha huko ujenzi wa bwawa la umeme la Sondu-Miriu ulipoanza mwaka 1999 kwa mkopo wa Japani. Magari ya mawe yalipita karibu na shule, vumbi likaingia madarasani, wazazi wakaja kuniuliza fidia ya mashamba inahesabiwaje na kwa nini vijana wao hawaandikwi kazi. Tuliandika barua, na wenye mashirika ya kijamii wakaandika nyingi kuliko sisi. Malalamiko yale yakafika Japani kwenyewe, wanaharakati wa huko wakayashika, hadi bungeni kwao yakaulizwa. Mkopo wa awamu ya pili ukachelewa, ukatiwa saini mwanzoni mwa 2004. Siku hizi mtambo unatoa megawati 60, na maji yakishatoka hapo yanatumika tena Sang'oro kutoa nyingine 21.

Sitakwambia kila mtu wa Nyakach aliridhika, maana wapo ambao mpaka leo wanadai. Lakini fikiria: Japani ilikopesha kwa sababu ilitaka urafiki na jina jema. Kwa hiyo wakulima wa kando ya mto, watu wasio na kitu, walipolichafua jina hilo kwa maneno ya kweli, mkopeshaji alilazimika kusikiliza. Aliyenunua hatifungani yetu huko London utamwandikia barua gani? Yeye anangoja riba yake tu.

Sasa nikupe kazi. Katiba yetu, kifungu cha 211, inasema Bunge likipitisha azimio la kuulizia mkopo wowote, Waziri wa Fedha ana siku saba kuileta taarifa mbele ya kamati: jumla ya deni, pesa zimetumika au zitatumika kwa nini, zitalipwaje, na ulipaji umefika wapi. Wewe na wenzako wa chama mkikutana na mbunge wenu, msimuulize kama mkopo ni nafuu, atasema ndiyo. Mwulizeni ni wa sarafu gani, kazi inapewa kampuni ya nani, na kesi itasikilizwa wapi. Akikosa majibu, mwambieni kifungu ni cha 211, na kwamba mnamngoja kwenye mkutano ujao wa chama.