Swichi ya zamani inapata moto, nibadilishe mwenyewe?

SWALI: Asalaam alaikum fundi. Nakaa Mkunazini, nyumba ya urithi, ghorofa ya pili. Swichi ya taa ya ukumbini ni ile ya zamani, nyeusi ya duara, siku hizi inapata moto na inalia chrr chrr. Nshanunua mpya ya shaba Darajani ifanane na mlango. Mume wangu anasema ni skrubu mbili tu. Nimefungua kifuniko nikaona waya nyekundu mbili zimebanwa pamoja na nyeusi moja iko peke yake, mpira wake unapukutika. Balbu ni LED ya wati 9. Moto unakuwepo hata mchana taa imezimwa. Nibadilishe mwenyewe?

JIBU: Waalaikum salaam dada'angu. Usibadilishe, na kifuniko kirudishe sasa hivi ila kwanza zima meni swichi. Ahsante sana kwa hayo maneno ya mwisho, maana hayo ndo yamenipa jibu.

Hebu tupige hesabu. Balbu ya wati 9 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta ampea 0.04 tu, hiyo haiwezi kuipasha swichi hata ukiiwasha mwezi mzima, na wewe unasema inapata moto hata taa imezimwa. Kwa hiyo kuna kitu chengine kinavuta umeme kupitia hapo hapo. Zile nyekundu mbili, moja inaleta umeme na ya pili inaupeleka mbele, mtu zamani alitaka soketi chumba cha pili akaona njia fupi ni kuchukua moto kwenye swichi ya taa. Sasa pasi ya wati 1200 inavuta zaidi ya ampea 5, birika la wati 2000 karibu 9, na zote zinapita kwenye kile kiskrubu kimoja ambacho kishalegea, na mahali palipolegea ndo panapopata moto. Ile chrr ni cheche. Jaribu kukumbuka, inapolia kuna mtu anapiga pasi au anachemsha maji?

Ndo maana nasema swichi mpya haitokutibia, utaweka mpya juu ya waya ule ule na skrubu ile ile ya kubeba mzigo wa soketi, baada ya miezi utaniandikia tena. Tena ukishaanza kuzivuta zile waya ujue huo mpira umekwisha, hizo ni waya za kabla plastiki haijaenea, mpira ukizeeka unakuwa mkavu, ukiukunja tu unapasuka mpaka ndani ya ukuta pale usipopaona. Na kuta zetu za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya unyevu, masika ndo usiseme, na chumvi ya bahari inaila shaba mpaka inafanya kijani. Waya uliochunika ndani ya ukuta wa namna hiyo mimi nauogopa kweli.

Na jambo jengine ambalo linaumiza watu wengi: hiyo waya nyeusi usidhani ni nyutro, yaani ile inayorudisha umeme isiyokuwa na hatari sana. Kwenye swichi, waya nyeusi mara nyingi ndo inayokwenda kwenye taa, ukiwasha taa nayo ina umeme sawa sawa na nyekundu.

Fundi akija (awe fundi wa kweli mwenye vyombo, si kijana mwenye bisibisi ya tesita tu, ile taa yake mtu akisimama kwenye mbao na kandambili inaweza isiwake na umeme upo) mwambie azime meni halafu apime kwa mita: kwanza mahali anapojua pana umeme, halafu kwenye swichi, halafu arudi pale pa mwanzo kuhakikisha mita yenyewe nzima. Hili kwa nyumba zetu za urithi ni muhimu khasa kwa sababu zimegawiwa, ghorofa hii ina mita yake ya TUKUZA (ya umeme wa kulipia kabla) na ile ina yake, lakini waya za zamani hazikugawiwa, unazima kwako na swichi bado ina umeme wa jirani. Kisha apige mega ya volti 500, kile chombo cha kupima kama mpira wa waya bado unazuia umeme, ikisoma chini ya megaomu 1 waya huo haufai, avute mpya wa milimita mraba 1.5 kwa taa na soketi iwe na njia yake ya 2.5 kutoka kwenye bodi na breka yake, na mwambie aweke na ile breka ya kukinga mtu ya miliampea 30. Kama mnaona vibaya kuchimba ukuta wa zamani apitishe kwenye trankingi, ule mfereji wa plastiki wa juu ya ukuta, haipendezi sana lakini ukuta unabaki salama.

Ile swichi ya shaba, kama hamna waya wa athi (ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini) usiifunge kabisa, chuma kikiguswa na waya uliochunika kinakuwa na umeme na mtoto atakuja kukishika, chukua ya plastiki.

Mpaka fundi afike ile soketi ya chumba cha pili isitumike, breka ya njia hiyo ibaki chini, na ukumbini wekeni taa ya kuchaji.